Kosa Lililokataa Kutazamwa

Fundi lifti alifika ofisini Jumatatu kabla vyumba havijafagiliwa. Alikaa kwenye benchi la mapokezi, daftari la shule mapajani, miguu ameibana kama mtu anayengoja daktari. Alipoulizwa anamtaka nani, alisema anamtaka yule anayetengeneza kompaila. Neno hilo alilitamka kwa uangalifu, kama anayekanyaga sakafu yenye maji.

Aliyekuwa akiitengeneza ni mwanamke wa miaka thelathini na minne ambaye wenzake walimwita Darubini. Jina lilianza kwa sababu ya miwani yake minene, likaota mizizi kwa sababu ya kazi yake. Kompaila ni programu inayochukua maandishi ya mwanaprogramu na kuyageuza kuwa amri za mashine, na ile ya ofisi yao ilitumika kutengenezea amri za lifti. Ilifanya kazi kwa hatua nne: kusoma maneno, kuyapanga yaeleweke, kupunguza yanayojirudia, kisha kuandika amri zenyewe. Zamani ilikuwa kama sanduku lililopigwa misumari. Unaingiza maandishi huku, amri zinatokea kule, kilichofanyika katikati anajua Mungu.

Darubini alitumia miezi saba kuiwekea matabaka ya kumbukumbu. Kila hatua ikapata tabaka lake, na kila tabaka likawa na viwango vitatu. Ukiweka cha kwanza, linakwambia tu kwamba kazi imeanza na imekwisha. Ukiweka cha pili, linakutajia na sehemu ilizopitia. Ukiweka cha tatu, linakusimulia kila kitu kilichoguswa, mpaka uchoke kusoma. Hutaki kelele, unazima. Kila mtu alichagua mwenyewe, tabaka kwa tabaka. Hakuwa mtu wa kujisifu, lakini kazi ile aliipenda.

"Wewe ndiye?" fundi lifti aliuliza alipomwona. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, shati lake limenyooshwa pasi kupita kiasi.

"Ndiye mimi. Karibu, kaka."

"Nimesimamishwa kazi kwa karatasi yako, dada. Sikuja kugombana. Nimekuja nimwone aliyeiandika."

Darubini alijua mara moja ni karatasi gani. Majuma matatu nyuma, katika jengo moja la ghorofa kumi, lifti iliondoka kabla mlango haujafungwa. Mama mmoja anayekaa ghorofa ya sita alikuwa na mguu mmoja ndani na mwingine nje. Alianguka akavunjika kifundo cha mkono. Kampuni ya lifti ikauliza kosa ni la nani: la maandishi ya programu, la kompaila iliyoyageuza, au la fundi aliyepakia amri kwenye lifti. Maandishi yalikaguliwa, yakaonekana sawa. Darubini akapewa kompaila aikague.

Aliwasha matabaka yote manne kwa kiwango cha tatu, akayageuza maandishi yaleyale mara ishirini, akasoma ukurasa mmoja baada ya mwingine. Kila mara amri zilitoka kama zinavyotakiwa: mlango unakaguliwa, halafu lifti inaondoka. Akaandika ripoti ya nusu ukurasa. Sentensi ya mwisho ilisema, "Kompaila haina kosa." Baada ya hapo akawa amebaki mtu mmoja tu wa kulaumiwa.

"Wanasema nilipakia toleo la zamani," fundi alisema. "Sikupakia toleo la zamani. Nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii."

Alifungua daftari. Ndani kulikuwa na mistari ya penseli: tarehe, jengo, na ukubwa wa faili la amri alilolipata kila alipobonyeza kitufe cha kugeuza. "Kichwa changu sikiamini sana," alisema, "kwa hiyo naandika."

Ilikuwa programu ileile, imegeuzwa mara kumi na nne kwa ajili ya majengo mbalimbali. Mara kumi na mbili ukubwa ulikuwa mmoja. Mara mbili ulikuwa mwingine, umepungua kidogo sana.

"Huenda ulikosea kunakili," Darubini alisema.

"Mara mbili? Na nikaikosea namba ileile?"

Darubini aliangalia tena. Kweli, mistari ile miwili ilikuwa na namba moja. Fundi akaweka kidole kwenye mmojawapo. "Jengo la yule mama ni hili."

Darubini aliunakili ukurasa ule, akamsindikiza mgeni mpaka mlangoni, akarudi mezani kwake akiwa na hakika kwamba kabla ya saa sita atapata maelezo.

Jumatano ilimkuta bado anatafuta. Aligeuza maandishi yale mara hamsini, matabaka yote yamewashwa. Mara hamsini ukubwa ukatoka uleule, ule wa zile mara kumi na mbili. Alibadilisha kompyuta, akaazima ya jirani yake. Uleule. Alikwenda kwa mkuu wa ofisi kumweleza habari za daftari, na mkuu, aliyekuwa akitafuta kalamu chini ya makaratasi yake, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umeipata wewe hiyo tofauti?"

"Sijaipata, mkuu."

"Basi. Mfa maji haachi kutapatapa. Simlaumu, hata mimi ningekuja na daftari."

Maneno yale yalikuwa na mantiki. Hata hivyo, namba ile ya pili ilikaa kichwani mwa Darubini kama punje ya mchanga kwenye kiatu. Ijumaa asubuhi akampigia fundi simu.

"Nieleze unavyofanya, tangu unapowasha kompyuta."

"Nawasha. Nafungua programu. Nabonyeza kitufe cha kijani. Nangoja. Naandika ukubwa."

"Na matabaka ya kumbukumbu unayaweka kiwango gani?"

"Matabaka gani?"

Bila shaka mafundi hawakuyawasha. Yalichelewesha kazi, na fundi aliyesimama juu ya ngazi hana haja ya kurasa mia mbili za masimulizi. Darubini naye hakuwahi kuyazima tangu alipoyamaliza, maana aliona kugeuza bila kuangalia ni sawa na kupika umefumba macho.

Aliyazima yote. Akaandika amri fupi ya kurudia kazi mara mia na kuorodhesha ukubwa tu. Chai yake ikapoa akiwa anangoja.

Tisini na saba zilitoka sawa. Tatu zilitoka na namba ya fundi.

Akarudia. Tano. Akarudia tena. Mbili. Akawasha matabaka yote: hakuna hata moja. Akazima: nne. Akawasha: hakuna. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi, akaivaa. Alianza kuandika hesabu kwenye karatasi, kwa sababu alishaona huenda macho yake ndiyo yanamchezea. Ilipofika saa kumi karatasi ilikuwa imejaa, naye alikuwa anajua machache kuliko alivyojua asubuhi. Kitu kilikuwa kinakosea kikiachwa peke yake, na kinatulia kikitazamwa. Hakuna alichosomea kilichomtayarisha kwa jambo hilo.

Nyumbani alikaa na mumewe, mwalimu wa shule ya msingi, na mama mkwe wake, aliyekuwa karani wa mahakama miaka thelathini kabla ya kustaafu. Jioni ile alisimama kwenye meza ya pasi, mama mkwe kando yake anakunja nguo.

"Mwanangu," mama mkwe alisema, "huo mkono wa shati umeupiga pasi mara tatu. Mwenzake anangoja."

Darubini akaiweka pasi pembeni, akamsimulia yote, tangu fundi mpaka ile karatasi ya hesabu. Mama mkwe hakuwa na habari za kompaila, lakini alikuwa amezoea kusikiliza maelezo marefu bila kudakia.

"Yaani ukiitazama inafanya vizuri."

"Ndiyo, mama."

"Kama huyu mwanangu na vyombo. Ukisimama jikoni, anasugua mpaka nyuma ya sufuria. Ukitoka tu, anasuuza."

"Nimesikia," mumewe alisema kutoka sebuleni, kwenye rundo la madaftari ya kusahihisha.

"Nimesema usikie." Mama mkwe akakunja taulo. "Na huyo fundi yuko wapi sasa?"

"Kwake. Hana kazi."

"Na karatasi yako inasemaje?"

"Inasema kompaila haina kosa."

"Na wewe unajua haina?"

"Sasa hivi sijui lolote, mama."

"Basi karatasi inajua kuliko aliyeiandika," mama mkwe alisema, akaendelea na taulo nyingine.

Jumamosi asubuhi Darubini alimwomba fundi waonane ofisini. Hakuweza kueleza kwa nini alimtaka awepo. Labda alihitaji jicho la pili, maana la kwanza alikuwa ameacha kuliamini. Fundi akavuta kiti, akafungua ukurasa mpya wa daftari, akachonga penseli.

Walianza moja moja. Darubini aliwasha tabaka la hatua ya kwanza peke yake, kiwango cha tatu. Mara mia: nne mbaya. Fundi akaandika. La pili peke yake: tatu mbaya. La nne peke yake: tano. Kisha la tatu, lile la hatua ya kupunguza yanayojirudia. Kiwango cha kwanza: tatu. Kiwango cha pili: nne. Kiwango cha tatu: hakuna.

"Rudia," fundi alisema.

Hakuna. Wakarudia mara ya tatu. Hakuna.

Kwa hiyo kilichokuwa kikitibu kosa kilikuwa ndani ya tabaka la tatu, kwenye kiwango chake cha tatu, katika mistari arobaini aliyoiandika Darubini mwenyewe. Aliifungua. Akaisoma yote. Akaisoma tena. Ilikuwa mistari mizuri, safi, na kwa sababu ilikuwa yake, macho yaliteleza juu yake bila kukwama popote.

"Mimi hapo naona mchwa tu," fundi alisema. "Nisomee kwa lugha ya watu."

Darubini akasoma polepole, kidole kwenye kioo. "Chukua orodha ya hatua za lifti. Ipange kwa namba zake. Iandike kwenye kumbukumbu, mstari kwa mstari. Maliza."

"Unaipanga kwanza?"

"Ndiyo, ili isomeke. Zamani ilikuwa inaandika ovyo ovyo, leo hii juu, kesho ile juu. Mkuu alilalamika kwamba kumbukumbu zinarukaruka."

"Unapanga ile ya kuandika tu, au orodha yenyewe?"

"Napanga..." Darubini alisema, akakwama hapo.

Alikuwa anapanga orodha yenyewe. Hakuchukua nakala. Alishika orodha ileile ambayo kompaila ilikuwa inaifanyia kazi, akainyoosha ili ipendeze machoni, akairudisha ikiwa imenyooka. Na kompaila ikaendelea nayo.

Baada ya hapo mengine yalijieleza, ingawa ilimchukua mpaka saa saba kuyahakikisha. Programu ya lifti ilikuwa na amri mbili za kukagua mlango, moja kabla ya kuondoka na moja baada ya kufika. Hatua ya tatu iliziona kuwa ni kitu kimoja kilichorudiwa, ikawa inabakiza ile inayotangulia kwenye orodha na kuifuta nyingine. Orodha ikiwa imenyooka, inabaki ile ya kabla ya kuondoka, na hakuna anayeumia. Lakini orodha haikuwa na mpangilio wa kudumu. Ilifuata mahali ambapo kompyuta iliweka kila kitu kwenye kumbukumbu yake ya ndani kwa wakati ule, na mahali hapo palibadilika kila mara. Mara tatu au nne katika mia, amri ya kukagua mwishoni ilitangulia, ikabaki yenyewe, na ile ya mwanzo, iliyokuwa ndefu kidogo, ikafutwa, faili likapungua.

"Kwa hiyo lifti iliondoka kwanza," fundi alisema.

"Ikakagua mlango baadaye."

"Na huo mvurugiko wa orodha aliuandika nani?"

"Niliukuta. Ulikuwepo kabla sijaajiriwa." Darubini alishusha mikono mapajani. "Kuuficha ndiyo kazi yangu. Niliuona, kaka. Miezi mingi iliyopita niliona orodha inarukaruka, nikadhani ni uchafu, nikaufagia."

Alingoja fundi akasirike. Fundi aliomba maji ya kunywa. Alikunywa glasi nzima, akakaa akiitazama kama haelewi imeishaje.

"Unajua," alisema mwishowe, "nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba nilikosea. Juzi mke wangu alinikuta napekua mifuko ya suruali. Akaniuliza natafuta nini. Natafuta toleo la zamani. Kwenye suruali."

Alianza kucheka, Darubini naye akacheka, kisha wote wawili wakaacha kwa wakati mmoja.

Jumatatu mkuu alisikiliza habari zote akiwa amesimama. Hakubisha hata neno moja. Aliomba aonyeshwe mara mia za kuwasha na mara mia za kuzima, akaonyeshwa, akavuta pumzi ndefu.

"Rekebisha leo. Tutatoa toleo jipya katikati ya wiki. Tutasema ni maboresho."

"Na ripoti yangu?"

"Ripoti imeshapita. Toleo jipya likishawekwa, nani atauliza?"

"Fundi."

"Tutamwombea arudishwe. Kimya kimya."

Darubini alirekebisha. Haikuwa kazi kubwa. Hatua ya tatu ilifundishwa kupanga orodha yake yenyewe kila mara na kutozichanganya tena amri zile mbili, na matabaka yote manne yakanyang'anywa uwezo wa kugusa chochote, yakawa yanapewa nakala tu. Alijaribu kwa kuzima na kwa kuwasha, mara elfu kila upande. Zote zikatoka sawa. Alipaswa kufurahi. Badala yake alirudi nyumbani akiwa na ile nusu ukurasa mkobani, akampa mama mkwe aisome.

"Mahakamani mlikuwa mnafanyaje, mama, kitu kikishaandikwa kisha kikaonekana si kweli?"

Mama mkwe alivaa miwani yake ya kusomea. "Hatukufuta. Ukifuta, atakayekuja atajiuliza ulificha nini. Tulikata kwa mstari mmoja, neno la zamani lisomeke, la sahihi tunaliandika juu yake. Pembeni saini na tarehe."

"Hata kama ni aibu?"

"Aibu haikuwa na nafasi kwenye ile fomu."

Kesho yake Darubini alifanya hivyo hivyo. Alikata sentensi ya mwisho kwa mstari mmoja wa rula. Juu yake akaandika kwa kalamu: "Kompaila ina kosa. Sikuliona kwa sababu kumbukumbu nilizoziandika mimi zililiziba." Akatia saini, akaambatisha kurasa mbili za maelezo na kurasa zile za penseli kutoka kwenye daftari la fundi. Akaiweka mezani kwa mkuu, na nakala ya kampuni ya lifti chini yake.

Mkuu aliisoma muda mrefu kuliko urefu wake. "Unajua hii itatuvuruga."

"Najua, mkuu."

"Lifti ngapi zina amri mbaya?"

"Sijui. Ndiyo maana siwezi kuandika maboresho."

Mkuu aliikalia karatasi siku nzima. Jioni, wakati watu wanachukua mikoba, akaitia saini yake chini ya ile ya Darubini, akaituma.

Ilivuruga kweli. Lifti arobaini na moja zilisimamishwa siku mbili, watu wakapanda ngazi wakitukana kila kilicho na waya. Nyingine mbili zilikutwa na amri iliyogeuka, zote za mizigo, na hakuna aliyejua zilikuwa zimefanya hivyo tangu lini. Fundi alirudishwa kazini kwa barua ya mistari miwili iliyosema kwamba kusimamishwa kwake kumekoma. Neno la samahani halikuwemo. Aliigeuza barua kuangalia upande wa pili, akaichomeka kwenye daftari. Darubini naye aliondolewa kwenye uandishi wa ripoti kwa miezi mitatu. Hakupinga.

Siku fundi alipokwenda kubadilisha amri kwenye jengo la ghorofa kumi, Darubini alifuatana naye. Wakiwa ghorofa ya sita aligonga mlango wa yule mama. Alifungua mwenyewe, mkono mmoja kwenye plasta, na walipokwisha kujitambulisha hakuwakaribisha ndani wala hakufunga mlango. Darubini alimweleza kwa ufupi, bila kutaja orodha wala matabaka. Lifti iliondoka kabla ya kukagua. Kosa lilikuwa ofisini kwao. Aliyekuwa akiangalia ni yeye, na hakuliona.

"Mimi nilisema iliondoka," yule mama alisema. "Siku ileile nilisema. Wakaniambia nilichelewa kuinua mguu."

"Nani walikwambia?"

"Wote. Mlinzi, watoto wangu, wale wa kampuni. Mpaka na mimi nikaona labda nilichelewa. Usiku nalala nainua mguu." Aliwaangalia mmoja baada ya mwingine. "Kwa hiyo sikuchelewa?"

"Hukuchelewa, mama."

Alitikisa kichwa polepole. Hakuonekana kama aliyetua mzigo, alionekana kama aliyepewa mzigo mwingine asiojua auweke wapi. Alisema asante kwa kuja, akafunga.

Wiki zilizofuata Darubini alipitia upya kila mstari aliowahi kuuandika kwenye matabaka yale, akijiuliza kila mmoja unagusa nini. Kwenye tabaka la pili alikuta mahali pengine ambapo, kabla ya marekebisho, kumbukumbu zilikuwa zikibadilisha kitu kidogo zikiwa zimewashwa. Kwa kompaila ile ya awali aligeuza programu zote za zamani alizoweza kuzipata, kwa kuwasha na kwa kuzima. Hakuona tofauti yoyote. Hilo halikumtuliza hata kidogo. Akaenda kwa mkuu.

"Tena?" mkuu alisema.

"Tena. Pamesharekebishwa pamoja na mengine. Lakini palikuwepo miezi yote ile."

"Pameleta madhara?"

"Sijui."

"Unaweza kujua?"

Darubini alifikiri. "Sidhani, mkuu."

Mkuu alipapasa chini ya makaratasi mpaka akapata kalamu, akamkabidhi. "Basi andika hivyo. Andika kwamba hujui. Saini nitaweka mimi."

Darubini akarudi mezani kwake, akavuta karatasi safi, akaanza kuandika.